Ajali Mombasa, bili Ndalu

Katikati ya mwezi wa Novemba nilikuwa Ndalu. Wasomaji wengi wa huku Pwani hawapajui, na mimi mwenyewe sikupajua mpaka nilipopanda basi la usiku pale Mwembe Tayari, nikabadilisha gari Nairobi, nikashuka Kitale kesho yake miguu imefura. Ndalu iko kati ya Kitale na mji wa Bungoma, katika eneobunge la Tongaren. Zamani yalikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya Uhuru yakakatwa vipande wakapewa wananchi, na leo ni mahindi tu kila upande unaotazama. Asubuhi kuna baridi ambayo mtu wa Mombasa anaisikia kwenye meno.

Sikwenda kutembea. Nilikwenda kumjulia hali jirani yangu wa zamani. Tulipanga nyumba moja ya Kiswahili kule Changamwe, milango inatazamana, kwa karibu miaka mitano. Yeye alikuwa kibarua katika kiwanda cha plastiki, mkewe na watoto walibaki Ndalu kwenye shamba lao la ekari mbili. Kila mwisho wa mwezi alituma nyumbani shilingi elfu sita kwa M-Pesa. Tarehe 9 Desemba mwaka jana mashine ikamkata vidole vinne vya mkono wa kulia. Jina lake na la kiwanda nayaweka kando, kwa sababu kisa hiki nimekisikia mara nyingi mno katika mitaa yetu, kwa majina tofauti.

Ajali ya kazini ina bili, na bili hiyo lazima ilipwe na mtu. Sheria ya Kenya inasema ilipwe na mwajiri kupitia bima. Nilichokiona Ndalu ni kwamba imelipwa na ng'ombe, na mke, na binti wa kidato cha pili.

Tulikaa nje jioni, chai ya maziwa mkononi. Jirani alinieleza hesabu yake bila kulalamika, kama mtu anayesoma risiti. Siku ya ajali kiwanda kilimpeleka hospitali na kulipa. Wiki ya pili msimamizi akaja na bahasha ya shilingi 20,000, akamwambia ni ya pole, atie sahihi hapa. Akatia, kwa mkono wa kushoto, karatasi ambayo hakuisoma. Januari akaambiwa kazi imepungua. Akarudi kwao. Kidonda kikaoza, ikabidi apasuliwe tena. Kadi ya SHA ikalipa sehemu, mtamba akauzwa kwa elfu thelathini na mbili kulipa iliyobaki. Ekari moja ikakodishwa. Ile elfu sita ya kila mwezi haikuja tena, na kwa miezi kumi na moja hiyo peke yake ni shilingi 66,000. Binti hajarudi shuleni tangu muhula wa pili.

Nikamuuliza kwa nini alitia sahihi.

"Ustadh," akanijibu, "mkono unauma, kodi ya nyumba imefika, mtu amekuletea elfu ishirini. Ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu. Mkewe, aliyekuwa akipepeta mahindi kando, akasema, "Shemeji, watu wa hapa wanamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini koleo la huyu lilikuwa vidole vyake."

Sasa tuingie kwenye sheria, kwa sababu hapo ndipo jirani yangu alipoibiwa bila kujua.

Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mbili zinazokwenda pamoja. Moja inahusu usalama na afya kazini, kwamba mashine iwe na kinga, mfanyakazi apewe vifaa, afunzwe. Ya pili inahusu faida za majeraha ya kazini, ile vijana wa viwandani wanaiita Wiba. Ya pili ndiyo iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya fidia tuliyorithi kwa mkoloni.

Msingi wa Wiba ni rahisi. Ukiumia kazini, huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alikosea. Hata kama ulikuwa umechoka, hata kama ulikiuka maagizo ya msimamizi ilimradi ulikuwa ukifanya kazi ya mwajiri wako, unastahili kulipwa. Kinachoweza kukunyima ni ukorofi wa makusudi, na hata huo haukuondolei haki ukiwa umelemaa vibaya au umekufa. Ukibebwa bure na gari la kampuni kwenda au kutoka kazini likapata ajali, hiyo pia ni ajali ya kazini. Badala ya haki hiyo nyepesi, mfanyakazi ameacha njia ya kumshtaki mwajiri mahakamani moja kwa moja kudai mamilioni. Mapatano hayo si ya Kenya peke yake. Wajerumani waliyaanza mwaka 1884 chini ya Bismarck, na nchi nyingi zikafuata.

Kwetu mapatano hayo yalizua mvutano mrefu. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani kupinga vifungu kadhaa, Mahakama Kuu ikakubaliana nacho mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikageuza sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: madai ya majeraha ya kazini yaanzie kwa Mkurugenzi wa Afya na Usalama Kazini, si mahakamani. Kwa miaka yote hiyo kumi, mfanyakazi wa kawaida alikuwa akiambiwa hili leo na lile kesho. Wapo wanaoamini mpaka sasa kwamba bila wakili huwezi kupata kitu. Kumbe mlango wa kwanza ni ofisi ya serikali.

Fidia yenyewe hukokotolewa hivi. Kama umelemaa kiasi cha kutofanya kazi kwa siku tatu au zaidi, unalipwa kiasi cha mshahara wako wakati unajiuguza, kwa muda usiozidi miezi 12. Kama umebaki na kilema cha kudumu, daktari anakadiria asilimia kwa kufuata jedwali lililo ndani ya sheria. Macho yote mawili yakipotea ni asilimia 100, kidole ni chini zaidi kulingana na kidole gani na kimekatikia wapi. Asilimia hiyo inazidishwa kwa mapato ya miezi 96. Mfanyakazi akifa, wanaomtegemea wanalipwa mapato ya miezi 96 kamili, mbali na gharama za mazishi. Matibabu yanayohitajika ni juu ya mwajiri.

Tumpigie hesabu jirani. Alikuwa akilipwa shilingi 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 15,600. Zidisha kwa 96 unapata 1,497,600. Mimi si daktari, kwa hiyo sitasema amelemaa kwa kiasi gani, lakini tuchukue kwa mfano tu asilimia 40. Inakuja shilingi 599,040. Yeye alipewa 20,000, ambayo ni mshahara wa siku thelathini na tatu.

Hapo alinyamaza kwa muda. Akaniomba nirudie ile hesabu, nikaiandika nyuma ya daftari la binti yake.

"Lakini mimi nilikuwa kibarua," akasema. "Sikuwa na barua."

Hili ndilo kosa la imani linalowaponza wengi, kuanzia bandarini hadi kwenye mjengo wa Nyali. Wiba inamlinda aliyeajiriwa kwa ujira, na sheria ya ajira, nayo ya mwaka 2007, inatambua mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi. Inakwenda mbali zaidi: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Kazi ikiwa ya miezi mitatu au zaidi, ni mwajiri anayepaswa kuandika mkataba, na asipoweza kuutoa, mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Jirani alifanya kazi miaka minne. Kukosa barua lilikuwa kosa la kiwanda, na yeye amelibeba kama kosa lake.

Na ile sahihi? Pesa ya pole si fidia. Fidia hukadiriwa kupitia ofisi ya Mkurugenzi kwa ripoti ya daktari, haikadiriwi na msimamizi mwenye bahasha. Karatasi ya kiwandani haimzuii mtu kupeleka dai lake.

Kinachozuia ni kalenda. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba tangu apewe taarifa, na mtu akifa anatakiwa kuarifu ndani ya saa 24. Asiporipoti, mfanyakazi au mtu kwa niaba yake anaweza kupeleka dai mwenyewe, lakini liwe limefika ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Baada ya hapo haki inakufa. Nikatazama simu yangu. Ilikuwa tarehe 14 Novemba. Zilibaki siku ishirini na tano.

Nitarudi kwa jirani. Kwanza nieleze nilichokiona kesho yake, maana kilinifanya nielewe kwamba tatizo si la Changamwe peke yake.

Novemba kule ni msimu wa kupukuchua mahindi. Trekta linasimama uani, nyuma yake mashine ya kupukuchua, katikati kuna chuma kinachozunguka kwa nguvu ya injini. Chuma hicho kinatakiwa kufunikwa. Nilichokiona hakikufunikwa. Vijana wanne, mmoja amevaa koti refu la kuzuia vumbi, mikono ya nguo inapepea hatua moja kutoka kwenye chuma, wanalisha mahindi kwa mkono. Kitambaa kikinaswa pale, mkono unafuata kabla mwenye trekta hajafikia swichi. Nilimuuliza mwenye mashine, kwa adabu, kama ana bima ya hawa vijana. Akacheka kwa upole. "Mzee, bima ni ya gari."

Hakuwa mtu mbaya. Mchana alikula ugali na vijana wake sahani moja. Lakini kisheria yeye ni mwajiri, na wajibu wa kuwawekea bima wafanyakazi wake ni wake, iwe ana kiwanda cha watu mia tano au mashine moja ya kukodisha msimu. Siku chuma kile kikimshika kijana, mwenye trekta hatakuwa na nusu milioni. Atauza trekta, au atahama mji. Kijana atachangiwa na harambee kanisani au msikitini, na baada ya miezi mitatu kila mtu atakuwa na shida zake.

Hapo ndipo udhaifu wa mfumo wetu ulipo. Kenya imeiacha fidia ya ajali mikononi mwa kila mwajiri na kampuni yake ya bima. Mwenye bima nzuri, mfanyakazi wake analipwa, na sheria inaipa kampuni siku 90 za kulipa dai likishawasilishwa. Asiye na bima, mfanyakazi wake anabaki na haki kwenye karatasi. Wengi hudhani NSSF itawasaidia. NSSF ni akiba yako mwenyewe ya uzeeni, na hata ukilipwa kwa ulemavu unarudishiwa ulichoweka. Haikuwekwa kubeba ajali ya kiwanda.

Kisha kuna SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara analipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Jirani yangu alipopasuliwa mara ya pili, sehemu ya gharama ilitoka huko. Fikiria maana yake. Mama anayeuza samaki Kongowea, anayejinyima kulipa shilingi zake za kila mwezi ili mtoto akiugua atibiwe, ndiye aliyelipia mashine isiyo na kinga. Kiwanda kilipaswa kulipa kupitia bima yake, kikanyamaza, na deni likahamia kwenye mfuko wa wote bila mtu kuliandika. Mkubwa akikwepa malipo, hasara haipotei.

Tena kiwanda kisipoumia mfukoni, hakina haraka ya kununua kinga ya mashine. Yule aliyewekwa mahali pa jirani yangu Januari anaingiza mkono palepale.

Wenzetu wa Tanzania wamechagua njia nyingine. Ukivuka Lungalunga ukaingia Horohoro, mwajiri aliye upande ule analazimika kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia moja ya mishahara, baadaye ikapunguzwa hadi nusu asilimia. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Akiumia, anadai kwenye mfuko, hamngojei bosi awe na huruma, na aliyelemaa vibaya analipwa pensheni ya kila mwezi badala ya kitita kinachoisha. Sisemi kule hakuna malalamiko, na najua kibarua wa shambani asiyesajiliwa yuko nje kule kama hapa. Lakini mfuko wa pamoja unafanya jambo moja ambalo mfumo wetu haufanyi: mwajiri akifilisika au akitoroka, mfuko bado upo.

Kwa maoni yangu Kenya inahitaji mfuko wa namna hiyo, ukianza na viwanda na mjengo. Waajiri watasema ni ushuru mwingine. Nusu asilimia ya mshahara wa jirani yangu ni shilingi 78 kwa mwezi.

Jambo jingine kabla sijamaliza: sheria haihusu mkono uliokatika tu. Ugonjwa unaotokana na kazi nao umo. Sisi wa Mombasa tunaikumbuka Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi mwilini. Kesi ya wakaazi ilikuwa ya haki ya mazingira, si ya Wiba. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliwapa shilingi bilioni 1.3, ikafuata safari ya rufaa, na Mahakama ya Juu ikaamua upande wao Desemba 2024. Nawataja kwa sababu sumu haina tarehe ya ajali kama mashine. Kama unafanya kazi na vumbi la saruji, rangi, dawa za kunyunyiza au betri, na kifua au damu imeanza kubadilika, mwambie daktari kazi unayofanya na uhakikishe ameiandika. Bila maandishi hayo utaonekana mgonjwa kama mgonjwa mwingine.

Na kama ni ajali, andika siku hiyo hiyo. Tarehe, saa, mashine gani, nani alikuwepo. Piga picha mahali pale na jeraha lenyewe. Tunza karatasi ya hospitali ya siku ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo itakayobishaniwa. Tunza ujumbe wa M-Pesa wa mishahara, ndio mkataba wako kama huna barua. Nenda ofisi ya afya na usalama kazini iliyo karibu na mahali ulipoumia, ukachukue fomu ya ajali. Ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwajiri akikataa kujaza, usikae nyumbani na fomu, irudishe useme amekataa. Ukiona asilimia uliyopewa haiendani na kilema chako, una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi, na usiporidhika na jibu lake una siku 30 za kwenda mahakama ya ajira.

Jirani alikuwa na karatasi zaidi ya nilivyotarajia. Mkewe ndiye aliyezitunza, kwenye mkebe wa unga juu ya kabati: barua ya kuruhusiwa hospitali, picha mbili za eksirei, na simu ya zamani yenye ujumbe wa malipo ya kila Jumamosi kutoka kwa mtu yule yule kwa miaka minne. Ile karatasi ya sahihi hakuwa na nakala yake. Tuliwapigia simu wenzake wawili aliofanya nao kazi zamu moja. Mmoja alisema bado yuko pale, hataki matatizo, na sikumlaumu. Wa pili ameshaacha kazi, akasema atakuja kusema alichokiona.

Nauli ilikuwa shida. Ndugu yake wa Kitale akatoa nusu, mimi nikatoa nusu, na mwenye mashine ya kupukuchua, yule yule, akaongeza mia tano bila kuombwa. Tarehe 16 usiku tulipanda basi pamoja. Alikaa dirishani, mkebe wa unga mapajani, na njia nzima hakuuweka chini. Tarehe 18 asubuhi alisimama kwenye foleni ya ofisi hapa Mombasa, wa saba kutoka mbele, akiwa na siku ishirini na moja mkononi. Fomu amepewa. Daktari amejaza sehemu yake. Sehemu ya mwajiri, ninapoandika haya, bado ni tupu.